Nani anaikagua zahanati yetu? Maswali na majibu kuhusu ubora wa huduma

Zahanati ya serikali hapa Moshi iko chini ya nani?

Msimamizi wa kila siku ni mganga mfawidhi. Juu yake iko timu ya afya ya halmashauri chini ya Mganga Mkuu: mkazi wa Pasua anahudumiwa na Manispaa, wa Kibosho au Marangu na Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Kisha inafuata timu ya mkoa. Halmashauri ziko chini ya TAMISEMI (ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na serikali za mitaa), lakini miongozo ya tiba hutoka Wizara ya Afya. Malalamiko ya zahanati yakipelekwa Mawenzi yatazunguka tu, kwa sababu ile ni hospitali ya rufaa ya mkoa na haiisimamii zahanati yako.

Wakaguzi wakija wanaangalia nini?

Timu ya halmashauri hutakiwa kufika kila robo mwaka, na ziara hiyo huitwa usimamizi shirikishi. Jokofu la chanjo lazima liwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na joto lake liandikwe asubuhi na jioni. Sanduku la sindano hufungwa likijaa robo tatu. Leja ya dawa hulinganishwa na vidonge vilivyopo rafuni.

Klorini ya kuulia vijidudu ndiyo huwaumbua wengi. Ikiwa ya chupani ina nguvu ya asilimia 3.5, sehemu 1 huchanganywa na sehemu 6 za maji ili kupata asilimia 0.5. Mahali pengi hukadiriwa kwa macho, au ya juzi huendelea kutumika wakati nguvu imeshapungua. Inatakiwa kuchanganywa upya kila siku.

Na zile nyota ambazo vituo hupewa?

Tathmini ya nyota ilianza mwaka 2015. Kituo hupewa kati ya nyota 0 na 5, na lengo ni angalau 3. Inasaidia kulinganisha vituo, ila haikuambii zamu ya usiku ikoje.

Kasoro ikionekana, inarekebishwaje?

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo ziara nyingi huishia kwenye kitabu cha wageni. Chukulia presha kwa wajawazito. Timu inachomoa kadi 20 za kliniki bila kuchagua na kuhesabu ngapi zina presha iliyopimwa hudhurio la mwisho. Zikiwa 12, hiyo ni asilimia 60. Kabla ya kumlaumu muuguzi, waulize kwa nini mara kadhaa mfululizo. Presha haikupimwa kwa nini? Mashine haikuwepo. Kwa nini? Ipo moja tu, na asubuhi inakaa chumba cha wagonjwa wa nje. Dawa yake basi si semina. Inunuliwe ya pili, au siku ya kliniki mashine ianzie kwa wajawazito. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya (unaochangiwa na wafadhili) huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo mashine ya presha haihitaji kusubiri mtu wa mkoani.

Panawekwa jina la mhusika na tarehe, kisha baada ya mwezi zinahesabiwa kadi nyingine 20. Pasipo hesabu hiyo ya pili, hakuna anayejua kama kitu kimebadilika.

Chunguza pia namna ya kupima. Mama aliyepanda mlima kwa miguu hadi kliniki apumzike dakika 5 kwanza. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo. Ikifika 140/90 baada ya wiki 20, ipimwe tena na mkojo uangaliwe protini, maana huenda ni njia ya kuelekea kifafa cha mimba. Na ukikuta ukurasa mzima wa kitabu cha MTUHA (rejista ya taarifa za huduma za afya) umeandikwa 120/80, usifurahi: hiyo ni dalili kwamba mashine haikuguswa.

Mama akifariki wakati wa kujifungua?

Kifo hutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa kituoni ndani ya siku 7. Kikao hakitafuti wa kushtaki. Kinafuatilia ucheleweshaji: nyumbani, njiani, au baada ya kufika. Watumishi wakihofia adhabu, faili hurekebishwa kabla ya kikao, na chanzo hubaki palepale.

Mimi mwananchi nifanye nini?

Anza na mganga mfawidhi, kisha kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka jamii na hupitia matumizi ya fedha. Ukikwama, mwandikie Mganga Mkuu wa halmashauri. Sanduku la maoni lifunguliwe mbele ya wajumbe; ufunguo ukikaa kwa mfawidhi peke yake, karatasi za kumsema yeye zitafika wapi?

Andika tarehe, saa, chumba na kilichotokea. "Wauguzi wana kiburi" haifanyiwi kazi. "Jumanne saa 4 asubuhi dirisha la dawa lilifungwa, nikasubiri hadi saa 7" inafanyiwa. Kwa sera, wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa malipo katika vituo vya umma. Ukitozwa, dai stakabadhi yenye kumbukumbu namba na uambatishe nakala yake kwenye barua. Wakikataa kukupa, andika hilo pia.