Dodoso halimfikii asiyekuja darasani

Nafundisha takwimu na mbinu za utafiti katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuwauliza wanafunzi wetu nini kinawakwamisha masomoni. Mara ya kwanza niliifanya vibaya, na naeleza nilikosea wapi kwa sababu naona wenzangu wakilirudia kosa hilohilo, kisha chuo kinapanga bajeti kwa kutegemea majibu yale.

Kila aliyewahi kuandika ripoti ya utafiti kwenye vyuo vyetu anaijua fomula ya Yamane ya mwaka 1967, ya kukokotoa ni watu wangapi wa kuwahoji. Ukiwa na wanafunzi 400 na ukikubali kosa la asilimia 5, inakupa sampuli, yaani kundi la kuhojiwa kwa niaba ya wote, ya watu 200. Basi nilipita darasa hadi darasa nikigawa dodoso, yaani karatasi za maswali, mpaka nikafikisha idadi, nikaridhika. Lakini fomula ile inachukulia kwamba kila mwanafunzi ana nafasi ya kuchaguliwa. Saa mbili asubuhi ile, aliyebaki geto kule Isevya kwa kuwa hakula tangu jana hakuwa na nafasi. Aliyekwenda Urambo kumuuguza mama yake hakuwa nayo. Aliyekatisha masomo mwezi uliopita ndiyo kabisa. Hao ndio waliokuwa na majibu niliyoyatafuta, nami niliwauliza wale ambao kikwazo hakikuwazuia kufika.

Siku hizi naanza na orodha ya usajili. Naipanga sambamba na alama za kazi za muhula, na kila jina lisilo na alama napiga simu. Ujumbe mfupi haujibiwi, hasa na mtu anayedhani anadaiwa. Napiga jioni, najitambulisha, nasema wazi kwamba simpigii kwa ajili ya deni, naeleza taarifa zake zitatumika wapi, na naomba ruhusa kabla ya swali lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatutaka tumweleze mtu kwa nini tunachukua taarifa zake. Kwangu huo pia ni ungwana tu.

Kisha kuna neno “changamoto”. Asili yake ni neno la kuchochea, la kumtia mtu ari. Sasa limekuwa neno la vikao, jina la heshima la kila shida. Ukimuuliza mwanafunzi changamoto zake ni zipi, atakujibu kikao-kikao: ada, malazi, uhaba wa vitabu. Ni orodha isiyo na mwenyewe. Nililiondoa neno hilo nikaandika: “Mara ya mwisho kukosa kipindi ilikuwa siku gani? Saa hiyo ulikuwa wapi?” Hapo ndipo watu walipoanza kuonekana kwenye karatasi. Mmoja alikuwa stendi akiuza karanga. Mwingine alikuwa kwa wakala, akisubiri kaka yake atume pesa ambayo haikuingia mpaka jioni.

Nikae kidogo kwenye pesa, maana hapa ndipo dodoso nyingi zinaposhindwa. “Ada” ni jibu la kweli, ila halikuonyeshi la kufanya. Swali lililonisaidia ni hili: pesa ya ada inatoka kwa nani, na inaingia mwezi gani? Mkoa wetu ni wa tumbaku. Vitalu huanza mwezi wa nane au wa tisa, miche huhamishiwa shambani mvua zikianza, na masoko hufunguliwa kuanzia mwezi wa nne au wa tano. Hata baada ya kuuza, mkulima husubiri malipo kupitia chama chake cha msingi. Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wakati kila shilingi ya nyumba ile iko shambani. Mzazi huyo si kwamba hana uwezo wa kulipa. Pesa yake inachelewa miezi sita. Mwanaye ananyimwa kibali cha mtihani mwezi wa pili kwa deni ambalo lingelipwa mwezi wa sita. Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa kozi za kipaumbele, kwa hiyo wengi bado wanategemea shamba. Kwa maoni yangu, awamu za ada zinazofuata kalenda ya mazao zingewaokoa wengi kuliko semina kumi za kuwahimiza wajitume.

Vipimo vya Likert, vile vya tangu mwaka 1932 vya kuchagua moja ya ngazi tano kuanzia “sikubali kabisa” hadi “nakubali kabisa”, nimevipunguza sana. Wanafunzi wetu wamelelewa kwa adabu, na mbele ya mwalimu wanaweka tiki kwenye “nakubali”. Na dodoso liwe kwa Kiswahili. Kumuuliza kwa Kiingereza mtu ambaye kikwazo chake ni Kiingereza ni kumfungia mlango.

Suala la siri nililielewa nimechelewa. Nilidhani inatosha kuandika “usiandike jina lako”. Lakini juu ya karatasi niliomba jinsia, umri, mwaka wa masomo na wilaya. Darasa lile lilikuwa na msichana mmoja tu kutoka Kaliua. Aliyoyaandika kuhusu mwalimu mmoja yalikuwa mazito, na yeyote aliyeshika karatasi ile angemjua papo hapo. Niliifungia kabatini, sikulala vizuri. Tangu hapo wilaya na umri nimeviondoa, karatasi zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli, na anayelifungua si mtu anayesahihisha mitihani yao.

Awamu ijayo tunaanza wiki ya tatu ya muhula. Simu kwa waliokatisha zitatangulia, na maswali ya darasani nitayaandika baada ya kuwasikiliza wao.