Sisimizi wakata majani: kinachofugwa hasa ni kuvu

Tangu malkia wa sisimizi wapatao 5,000 wakamatwe Naivasha mwaka 2025, wengi wetu tumejua kwamba Ulaya na Asia kuna watu wanaofuga sisimizi majumbani na hawaoni shida kulipa pesa nzuri kwa malkia mmoja. Habari hiyo imekuja na maneno mengi ya kubahatisha, hasa kuhusu wale wakata majani wanaopendwa sana kwenye video.

“Wale wa Naivasha ndio wakata majani.”
Sio. Wale walikuwa Messor cephalotes, ambao huokota na kuhifadhi mbegu za nyasi. Wakata majani, yaani Atta na Acromyrmex, asili yao ni bara la Amerika tu, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina.

“Wanakula majani.”
Majani hukatwa, yakatafunwa hadi yakawa rojo, kisha yakapachikwa kwenye bustani ya kuvu iitwayo Leucoagaricus gongylophorus. Kuvu huyameng'enya na kuotesha vinundu vidogo kwenye ncha za nyuzi zake. Hivyo ndivyo wanavyolishwa mabuu. Wafanyakazi wazima hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kwenye utomvu wanaounywa wakati wa kukata. Mwingereza Thomas Belt, aliyewachunguza Nicaragua, alishaandika mwaka 1874 kwamba majani ni ya kuoteshea kuvu, lakini hadi leo utakuta mtu anauliza sisimizi wake wanapenda jani gani. Swali la maana ni kuvu yao inapokea jani gani.

“Ukipata malkia, kuvu itajiotea yenyewe. Ikishindikana, mpe kipande cha uyoga wa dukani.”
Hapa ndipo malkia wengi wanapopotea. Kabla ya kuruka kwenda kupandwa, malkia hujaza punje ya kuvu ya nyumbani kwao kwenye kijifuko kilicho ndani ya kinywa. Akishapandwa na kukata mabawa, huchimba chumba, hujifungia na kuitema. Jakob Huber alieleza mwaka 1905, kutoka Brazili, jinsi malkia wa Atta anavyoitunza: hung'oa kipande cha nyuzi, hukipeleka kwenye ncha ya tumbo lake, hukidondoshea tone la kinyesi, kisha hukirudisha mahali pake. Hana mbolea nyingine.

Kwa hiyo ile njia iliyozoeleka ya kumweka malkia kwenye mrija wa kioo wenye maji na pamba, ambayo inawafaa sana wale wavuna mbegu, kwa hawa wakata majani ni hatari. Punje ikigusa kioo chenye maji huoza. Ni bora kikopo kidogo chenye sakafu ya jasi au udongo unaoshika unyevu. Na punje ikifa, malkia hawezi kutengeneza nyingine. Ataendelea kutembea na kutaga kwa muda, lakini koloni haipo tena. Kinachoweza kumwokoa ni kipande cha kuvu hai kutoka koloni ya aina yake. Uyoga wa dukani, hata uwe mbichi vipi, si wa ukoo huo.

“Mpe majani mapema apate nguvu.”
Inategemea ni yupi. Malkia wa Atta hahitaji chochote kutoka nje: anaishi kwa akiba ya mwili wake, na hutaga pia mayai yasiyoanguliwa, ambayo huyala mwenyewe na kuwalisha mabuu. Wafanyakazi wa kwanza, wadogo mno, hutokea baada ya kama miezi miwili. Kumfunulia kila siku ili umwone kunamtia wasiwasi tu, na malkia mwenye wasiwasi hula mayai yake. Malkia wa Acromyrmex ni kinyume: hutoka mwenyewe kutafuta majani, na ukimfungia bila kitu umemuua. Mwuzaji asiyeweza kukuambia anakuuzia yupi kati ya hao wawili, achana naye.

“Wametoka nchi za joto, basi joto lizidi.”
Kuvu hustawi kwenye nyuzijoto kama 25 za Selsiasi. Ukikaribia 30, mambo huanza kuharibika. Chumba cha Dar au Mombasa mwezi wa Februari kisingefaa bila kiyoyozi. Hewa iwe na unyevu, ila maji yasitiririke. Taka nazo ziwe na chumba chake, kwa sababu humo hujificha kuvu adui iitwayo Escovopsis, inayoweza kuangamiza bustani nzima. Majani ya waridi wanayapenda, lakini si ya maua ya dukani: hayo mara nyingi yamepuliziwa dawa, na dawa ya ukungu haibagui ukungu.

“Malkia akifa watajichagulia mwingine.”
Hapana. Mbegu za kiume alizopokea siku ile ya kuruka ndizo anazotumia maisha yake yote, na wafanyakazi hawawezi kuzaa wafanyakazi wenzao.

“Ni sawasawa na mchwa wetu.”
Wanafanana kazi, si ukoo. Mchwa wa vichuguu vyetu wanalima Termitomyces, na mvua zikinyesha tunachuma uyoga wake na kuula. Kuvu ya wakata majani ni nadra mno kuchipua uyoga. Tena mchwa wengi huanza bila mbegu ya kuvu na huipata nje, ilhali malkia wa sisimizi lazima atoke nayo kwao.

“Ni wadudu tu, wakitoroka kuna hasara gani?”
Waulize wakulima wa Guadeloupe. Acromyrmex octospinosus, ambaye hakuwepo kisiwani humo, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1954, na tangu hapo mazao na miti yao inakatwa. Marekani yenyewe, yenye Atta wake Texas, inadai kibali cha kuwavusha kutoka jimbo moja hadi jingine. Kenya nako, mahakama ilimtoza kila mmoja wa washtakiwa wanne wa mwaka 2025 faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12.