Je, wajua kwa nini kwenye orodha ya kompyuta Desemba huweza kutangulia Januari ya mwaka huohuo?

Mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana anafungua Excel na kuandika fomula ="Imelipwa "&A2, ambapo A2 ni kisanduku chenye tarehe ya malipo. Anatarajia kuona "Imelipwa 01/01/2025". Anapata "Imelipwa 45658".

Faili halijaharibika. Hiyo 45658 ndiyo tarehe yenyewe: hesabu ya siku ambayo huanzia 1 Januari 1900, siku ya 1. Ile sura yenye mikwaju tuliyoizoea ni vazi la kisanduku, na fomula ya kuunganisha maneno huchukua namba na kuliacha vazi palepale. Ili ivae upya, andika TEXT(A2,"dd/mm/yyyy"). Kwenye programu za hifadhidata, kama PostgreSQL, kazi hiyo hufanywa na to_char, kwenye MySQL na DATE_FORMAT.

Namba hiyo ina faida kubwa. Mkopo wa siku 30? Jumlisha 30, unapata 45688, yaani 31 Januari. Ila ukishaigeuza maandishi, kompyuta haioni siku tena, inaona herufi, na herufi hupangwa kama kwenye kamusi, kuanzia kushoto. Weka "01/12/2025" na "02/01/2025" kwenye safu ya maandishi, kisha panga. Herufi ya kwanza ni 0 kwa 0, sare. Ya pili ni 1 kwa 2, na mambo yameishia hapo: Desemba imetangulia Januari, na mwezi na mwaka havikuangaliwa kabisa. Orodha ya wadaiwa ikipangwa hivyo, anayechelewa zaidi anaweza kujificha chini kabisa.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kilichotoka mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-01-02. Hapo mpangilio wa kamusi na wa kalenda ni mmoja, mradi sifuri zisisahaulike. Bila sifuri, "2025-10" itakaa mbele ya "2025-9". Kwenye FileMaker, programu nyingine ya hifadhidata, wengi huunda sifuri hiyo kwa mkono:

Right("0" & Month(Tarehe); 2)

Napenda sana ufundi wa fomula hii. Machi inakuwa "03", unachukua herufi mbili za kulia, inabaki "03". Desemba inakuwa "012", unachukua mbili za kulia, sifuri inadondoka, inabaki "12". Hakuna haja ya kuuliza kama mwezi una tarakimu moja au mbili.

Kuna kosa jingine linalojificha vizuri zaidi. Kwenye to_char ya PostgreSQL, MM ni mwezi; dakika ni MI. Ukitaka saa na dakika lakini ukaandika 'HH24:MM', malipo yote ya Machi yatasomeka 09:03, 14:03, 17:03. Kila moja peke yake inaonekana ni saa halali, kwa hiyo tazama safu nzima kwa pamoja. Ukiona dakika zote ni 03, umechapisha mwezi.