Je, wajua? Lita 40 za petroli kwa dakika hazifiki hata kilo 30

Ukiuliza watu pampu inayotoa lita 40 za petroli kwa dakika inatoa kilo ngapi, wengi watakujibu kilo 40 papo hapo. Ingekuwa ni maji yanapita kwenye hilo bomba wangekuwa sawa. Kwa petroli wamezidisha kilo kama 10 kila dakika.

Hili la "lita ni kilo" limekaa sana vichwani na lina asili yake. Wafaransa walipotengeneza vipimo vya metriki miaka ya 1790 waliamua kilo iwe uzito wa lita moja ya maji, kwa hiyo maji na kilo vinalingana kwa sababu kilo ilitokana na hayo maji, sio kwamba kila kinachomiminika kina sheria hiyo. Petroli haikuwa kwenye hayo makubaliano. Chukua chupa inayoonyesha, weka petroli yenye maji kidogo ndani, itikise alafu iache itulie: maji yatashuka chini yote na petroli itakaa juu, na kuna mstari unauona kabisa katikati. Marubani wa ndege ndogo hukagua hivyo kabla ya kuruka, wanachota mafuta kidogo chini ya tanki kuona kama kuna maji. Ujazo ni uleule ila petroli ni nyepesi, na ndo maana moto wa petroli haumwagiwi maji, petroli inaelea juu yake na kusambaa huku inawaka.

Sasa namba inayotuunganisha lita na kilo ni densiti, yaani kilo ngapi ziko kwenye lita moja. Kiwango cha Ulaya cha petroli, EN 228, kinataka iwe kati ya 0.720 na 0.775 kwenye nyuzi 15 za Selsiasi. Tukichukua 0.745, hesabu ni kuzidisha tu: 40 mara 0.745 unapata kilo 29.8 kwa dakika, gawa kwa 60 ni karibu nusu kilo kila sekunde. Injekta (kifaa kinachonyunyizia petroli kwenye injini) ya cc 300, yaani mililita 300, kwa dakika nayo hivyohivyo, gramu 223.5 kwa dakika au kama gramu 3.7 kwa sekunde.

Ila hiyo "nyuzi 15" sio pambo. Fikiria treni ambayo mabehewa yake ndo lita na abiria ndo chembe za petroli. Wewe umesimama stesheni unahesabu mabehewa, yanapita 40 kwa dakika. Petroli ikipata joto chembe zinachangamka na kila moja inataka nafasi zaidi, kwa hiyo behewa lilelile linabeba abiria wachache. Mabehewa bado ni 40, hesabu yako haijabadilika hata kidogo, lakini walioshuka mwisho wa safari wamepungua, na hakuna abiria aliyepungua uzito. Petroli hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo kutoka nyuzi 15 mpaka 35 ile 0.745 inashuka mpaka kama 0.731, na zile kilo 29.8 zinakuwa 29.2.

Kwa nini kuhangaika? Kwa sababu injini inajali uzito. Petroli kilo 1 inahitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue yote (ikiwa na ethanoli hiyo namba inashuka kidogo), na sensa ya hewa kwenye magari mengi inasoma kwa gramu.

Kukosea namba ya kuzidisha kuna hatari. Julai 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani kwa sababu waliojaza walitumia 1.77, ambayo ni pauni kwa lita, wakati ndege ilihesabu kwa kilo na namba sahihi ilikuwa 0.803. Yalikuwa mafuta ya ndege sio petroli, lakini hesabu ni ileile. Iliruka na chini ya nusu ya mafuta iliyohitaji, ikashuka bila injini mpaka Gimli, mji mdogo wa Kanada, na wote walipona.

Kuna kitu kwenye injekta kinanivutia sana. Pampu inayosukuma ujazo maalum, densiti ikishuka asilimia 2, kilo nazo zinashuka asilimia 2. Injekta haisukumi ujazo, ni tundu dogo lenye presha nyuma yake, na kimiminika chepesi kinapita haraka zaidi kwenye presha ileile. Lita zinaongezeka kidogo, kwa hiyo uzito unashuka asilimia 1 tu, maana unafuata kipeuo cha pili cha densiti. Hapa nazungumzia presha isiyobadilika, na mnato (uzito wa kimiminika kutiririka) nao unaweza kusogeza namba kidogo.

Anayetaka kukwepa haya yote anatumia mita ya Coriolis. Ndani kuna mrija unaotetemeshwa, mafuta yakipita yanaupinda kidogo, upande mmoja unachelewa nyuma ya mwingine, na huo ucheleweshaji unaendana na kilo zinazopita moja kwa moja, joto liwe lolote. Alafu kasi ya mtetemo wenyewe inaonyesha densiti, kwa hiyo mita hiyo ikitaka kukupa lita inafanya hesabu kinyume, inachukua kilo inagawa kwa densiti.