Mwakilishi wadi hajengi mtaro

Mzee mmoja wa baraza ya kahawa pale Marikiti, Mombasa, bado husema "meya". Mjukuu wake akimsahihisha, humjibu: "Gavana, meya, yote kanjo," yaani serikali ya mji.

Si yote. Meya wa zamani alichaguliwa na madiwani wenzake, na shughuli za kila siku zilishikwa na karani wa mji, mtu wa kuajiriwa. Tangu 2013 gavana twampigia kura wenyewe, naye ndiye mkuu wa utendaji. Kisumu wana meneja wa jiji chini ya kaunti. Mombasa ni jiji na kaunti kwa pamoja, hivyo hatuna.

"Mheshimiwa wa wadi amekula pesa za mtaro."

Hili nililiamini mwenyewe. Masika moja mtaro wetu uliziba, maji yakaingia hadi jikoni, sufuria zikaelea. Tulimwendea mwakilishi mara tatu, na mara tatu akaahidi. Kumbe hana fungu la kutia sahihi! Wawakilishi wa wadi 30 za Mombasa, pamoja na walioteuliwa, hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuwahoji watendaji. Katiba haimruhusu mmoja wao kuwa waziri wa kaunti. Anayejibia pesa za idara ni afisa mkuu, ambaye hujawahi kuona picha yake kwenye bango la kampeni. Tulipopeleka barua yenye picha idarani, nakala yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa, fundi alikuja. Mheshimiwa tukambakishia kazi yake: kuuliza katika bunge la kaunti kwa nini mtaro haukuwa kwenye mpango.

"Afisa mkuu ni mtu wa gavana tu."

Nusu kweli. Bodi ya utumishi wa umma ya kaunti hushindanisha waombaji, gavana huteua jina, bunge la kaunti huidhinisha. Siasa ina mlango hapo, nani asiyejua? Ila pesa hazitoki kwenye mfuko wa kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye si mwajiriwa wa gavana.

Wengine hudai wataalamu wakiachiwa mji, siasa itakwisha. Mji wa Dayton, Ohio, Marekani, ulimkabidhi meneja utendaji 1914, baada ya mafuriko ya 1913. Lakini huyo meneja huajiriwa na kufutwa na baraza la waliochaguliwa.

Na feri ya Likoni? Hiyo ni ya serikali ya kitaifa. Ukichelewa kazini, kanjo hawamo.