Dawa za kinga baada ya kupandikizwa figo

Aliyepandikizwa figo huruhusiwa kwenda nyumbani na mfuko mzito wa dawa, na ndani yake mara nyingi mna Septrin, dawa ya kuua bakteria na baadhi ya vijidudu vingine. Kwa kuwa Wakenya wengi waliizoea dawa hiyo kwenye kliniki za HIV, minong'ono kwamba ana HIV huanza mapema pale plotini. Haina msingi. Hiyo ni dawa ya kinga: inamezwa ugonjwa ukiwa bado haujaingia.

Inahitajika kwa sababu mwili huiona figo mpya kama mgeni na kutaka kuishambulia. Ili isikataliwe, mgonjwa hutumia dawa za kushusha kinga ya mwili, kwa mfano takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, muda wote ambao figo hiyo inafanya kazi. Lakini dawa hizi hazichagui. Huwafunga mikono askari wote wa mwili, hata wale waliokuwa wakizuia nimonia.

Mwezi wa kwanza hofu kubwa ni maambukizi ya kidonda na ya mpira wa mkojo. Kuanzia wa pili hadi wa sita hivi ndipo vijidudu nyemelezi, vinavyovizia kinga ikiwa chini, hujitokeza. Septrin huzuia nimonia ya pneumosistisi, inayoletwa na aina ya kuvu, na hutumiwa kwa kawaida miezi 6 hadi 12. Valgansiklovia, ya miezi 3 hadi 6, huzuia virusi vya CMV (sitomegalovirusi), ambavyo vinaweza kuja na figo yenyewe kutoka kwa aliyeitoa.

Kwetu kuna TB pia. Inaweza kuwa imelala mapafuni miaka mingi, ikaamka kinga inaposhuka, ndiyo maana daktari anaweza kuongeza isoniazidi pamoja na vitamini B6. Ikiamka, matibabu yenyewe ni mtihani: rifampisini, dawa kuu ya TB, hushusha takrolimasi kwenye damu hadi figo ikawa hatarini kukataliwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi, kuliko hata vumbi na msongamano wa matatu, ni kemisti wa mtaani. Mtu anakohoa, anauziwa antibiotiki ya klarithromaisini. Hiyo hupandisha takrolimasi kwenye damu hadi ikaumiza figo. Anaumwa mgongo, anapewa diklofenaki ya maumivu, nayo inaumiza figo vilevile. Homa ikifika nyuzi 38, piga simu kwenye kliniki ya figo siku hiyohiyo. Hata homa ndogo isipuuzwe, kwani prednisoloni huweza kuificha.

Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, haziruhusiwi baada ya upasuaji. Ya mafua ni ya kila mwaka, na ya hepatitisi B ni bora ikamilike kabla.

Maziwa yachemshwe, maji ya bauza pia, na kachumbari ya kibandani iachwe. Anayesafiri kwenda Kisumu au Busia aulize mapema kuhusu dawa za kuzuia malaria, na abebe neti.