Msiniletee Wenye Kelele Tu

"Yule hana tatizo, katulia, hata sauti yake hatuijui." Wakufunzi wenzangu, nikilisikia hili tena nitapandwa mimi na shetani.

Mimi ni mnasihi wa chuo hapa Unguja. Ninaoletewa ni wale wale: aliyegombana dakhalia, aliyeanguka usiku akaamsha jengo zima, aliyeonekana Forodhani na mvulana. Hao wanapiga kelele, wanasaidiwa.

Anayenikosesha usingizi ni huyo aliyetulia. Ana miaka 18, katoka Micheweni, Pemba, hajawahi kulala mbali na mama yake. Alikuwa akifunga sunna Jumatatu na Alhamisi. Sasa anafunga kila siku na watu wanamsifu. Ibada ni njema, lakini muulizeni na futari yake: maji na tende moja, kisha kalala, uso kauelekeza ukutani. Analalamika kichwa na moyo kwenda mbio. Anapimwa malaria, hana, anapewa panadoli. Baada ya wiki anarudi na kichwa kile kile. Sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi huja kupitia mwilini, msisubiri mpaka alie.

Ninayo fomu ya PHQ-9, ya kupimia sonona: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, alama 0 hadi 27, kuanzia 10 unachunguza zaidi. Haya. Lakini swali la usingizi lina maana gani chumba cha watu sita, wiki ya mtihani? La hamu ya kula, Ramadhani? Na swali la 9, la kutamani kufa, wengi hulitia sifuri haraka haraka, maana kukiri wanakuona kama kukufuru. Kwa hiyo jumla ya 8 hainipi amani. Nauliza tena kwa mdomo, kalamu nimeiweka. Na kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, nimeshachoka kulieleza.

Kisomo, yaani kumsomea mgonjwa Qur'ani, sikipingi. Wapo wanaopata nafuu, na kilichowasaidia siwezi kukitenga: aya, au bibi aliyemshika kichwa mjukuu wake mchana kutwa. Ninachopinga ni kisomo cha wiki tatu huku mtoto hajala. Na hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu si kulazwa tu, mtu huonwa akarudi kwao.

Basi nileteeni na waliotulia. Kibao cha mlangoni nimekitoa makusudi: binti akionekana anaingia kwa mnasihi, simu ya mama yake kule Pemba inalia kabla hajakaa kitini.